Paji la Lori

Abiria husifu muziki wa nganya na michoro yake. Mwenye gari husifu injini, na akiwa ni wa hapa Machakos aliyeanza na Isuzu moja kuukuu, atakusimulia injini hiyo mpaka chai ipoe. Bodi yenyewe, hayo mabomba na mabati yaliyombeba kila mtu, hutajwa siku moja tu: siku inapovuja.

Mimi nataka kuisifu hata isipovuja, na hasa kipande chake kimoja. Namaanisha ile sehemu ya bodi inayotokeza mbele ikakaa juu ya kichwa cha lori. Ipo kwenye magari ya mikate, ipo kwenye malori yaliyofunikwa ya kuhamisha vyombo vya nyumba, ipo kwenye basi lililojengwa juu ya chesisi ya lori, ambako huficha bango la njia na spika. Ipo pia kwenye magari ya kulala, ambayo huku kwetu bado ni machache: Canter iliyovuliwa bodi ya mizigo ikavishwa chumba chenye jiko na sinki, kitanda kikawekwa huko juu, dereva akawa anaendesha chini ya godoro. Kila yadi ina jina lake la sehemu hiyo. Mimi nitaiita paji.

Canter ya namna hiyo ndiyo iliyonifunza kuitazama kazi hii. Ililetwa katika yadi ya kuchomelea iliyo nje kidogo ya mji, ikinuka uvundo. Mwenyewe alikuwa amelala na watoto wake chini ya Kilimambogo katika mvua za Novemba, na alfajiri godoro likawa limeloa upande mmoja. Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia, hakuuliza mengi. Alipanda ngazi, akaushika utepe wa alumini uliofunika ukingo wa mbele juu ya kioo cha dereva, akachomoa skrubu kwa vidole. Kwa vidole, bila bisibisi. Skrubu ilitoka imekonda katikati, na unga mweusi umejaa kwenye nyuzi zake. Akaniwekea kiganjani.

“Huu si ubao tena,” akasema. “Ni ugoro.”

Mabati yalipofunuliwa, kosa la aliyeijenga mara ya kwanza likaonekana. Sakafu ya paji ilikuwa imesimamishwa kwa mbao za inchi mbili kwa mbili, zimefika kwenye ukuta wa mbele wa bodi zikakomea hapo, zikashikwa kwa misumari na tumaini. Kila gari lilipopita kwenye bampu, paji liliinama kidogo likainuka kidogo. Kiungo cha ukingoni kikawa kinafunguka na kujifunga, hata silikoni ikachanika mahali pasipoonekana. Maji yakaingia, ubao ukaoza, paji likazidi kuinama, ufa ukazidi kupanuka. Na gari hilo lilikuwa limeshazibwa zaidi ya mara moja. Kila aliyeziba aliuziba ufa. Hakuna aliyeuliza kwa nini unafunguka.

Kazi yote imesimama hapo. Fremu ndiyo inayobeba. Gundi ya kuzibia huzuia maji tu. Fundi anayeiomba gundi ibebe amekwisha kushindwa, ila mvua bado haijamfikia kumwambia.

Paji halina mguu. Ukuta una sakafu chini yake, paa lina kuta pande zote, lakini paji limening’inia mbele ya bodi na kila kilichomo ndani yake kinalivuta chini. Kwa hiyo dawa yake haiko mbele, iko nyuma. Mzee alikata bomba za mraba za inchi moja na nusu, geji 16, akaziingiza ndani ya bodi zaidi ya urefu unaotokeza nje, akazifunga kwenye nguzo mbili za kila upande badala ya moja. Penye pembe kati ya nguzo na bomba akachomelea kipande cha pleti cha pembetatu. Mtu asiyejua angedhani mzee anapoteza chuma: paji ni la mita moja, na bomba zake zina urefu wa zaidi ya mita mbili. Lakini godoro na mablanketi ya kilo 50 hayabaki kilo 50 gari likishuka bampu bila adabu. Kwa nukta moja huvuta mara mbili ya hapo au zaidi, kisha hurudia, na barabara ya murram yenye mawimbi kuelekea Masinga ina nukta nyingi sana za namna hiyo.

Kuchomelea geji 16 kuna subira yake. Ni chuma chenye unene wa kama milimita 1.6, ukikaa na waya mahali pamoja kwa pupa unatoboa, ukiogopa unaweka donge juu ambalo halikushika chini. Mzee alikuwa akichoma kipande kifupi kulia, akahamia kushoto, akarudi juu, akaenda chini, ili joto lisijikusanye upande mmoja likaipinda fremu. Kijana wake alikuwa akifuata nyuma na brashi ya waya akikwangua ukoko, kisha akipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, hata ndani ya mabomba kabla hayajazibwa. Hiyo rangi ya ndani haitaonekana na mtu yeyote mpaka gari lifike kwa wauza vyuma chakavu. Nilimtazama mwenye gari wakati kijana anaipaka. Alikuwa anahesabu bei ya rangi.

Ujuzi huu una nasaba ndefu kuliko inavyodhaniwa. Miongoni mwa mafundi walioletwa kutoka Punjab kujenga reli kati ya 1896 na 1901 walikuwamo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, maseremala na wahunzi kwa kuzaliwa, na wao na watoto wao wakaja kuwa wajenzi wakubwa wa bodi za malori na mabasi nchini. Ukiteremka barabara ya Mombasa utapita hekalu lao la Makindu, katika nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipojitenga mwaka 1992. Wakamba nao hawakuanzia kwenye grinda. Wahunzi wao walikuwa mabingwa wa mikufu myembamba ya chuma na shaba kabla ya gari la kwanza kuonekana huku, na Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na sanaa ya kuchonga aliyoiona Tanganyika, akaanzisha kazi inayolisha familia nyingi hadi leo. Huyo ana sifa zake, na anastahili. Lakini kinyago hakiendeshwi kwenye mvua. Leo, kutoka Mlolongo kupita Athi River hadi njia panda ya Kyumbi, cheche za kuchomelea huonekana hata mchana, na sijaona mtalii akisimama kupiga picha bodi ya lori.

Lipo tatizo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipoliona likipimwa kwa kamba. Kichwa cha Canter, kama cha Isuzu NPR, hukaa juu ya injini. Ukitaka kuifikia injini unakilaza kichwa mbele. Bawaba zake ziko chini, mbele; kwa hiyo kinapolala, kona yake ya juu ya nyuma haiendi mbele moja kwa moja, inapanda kwanza. Sasa weka paji juu yake. Ukilijenga chini, karibu na paa la kichwa, ili gari lipendeze, kona ile italigonga kabla kichwa hakijainuka hata robo, na siku ya kubadilisha klachi makanika atalilaani kaburi la mjenzi. Mzee alifunga kamba kwenye bawaba, akaivuta hadi kona ya juu ya nyuma, akaishika hapo kwa dole gumba, akaizungusha hewani polepole huku kijana akitia alama za chaki kwenye ubao uliosimamishwa kando. Chaki ikaacha upinde. Paji lote, sakafu, utepe na gundi, lilipaswa kukaa nje ya upinde ule. Njia zilikuwa tatu: kuliinua paji, kulifupisha, au kukubali kichwa kilale nusu tu. Mwenye gari alitaka urefu wa kitanda usipungue, kwa hiyo likainuliwa, na kwa kuinuliwa likapata upepo mwingi zaidi usoni.

Upepo huo unahesabika. Kanuni za barabarani za waziri Michuki za 2003 ziliyawekea magari ya abiria kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo hewa iliyotulia huusukuma uso uliosimama wima kwa nguvu ya karibu kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu huwa mara nne. Fremu nzuri huichukua nguvu hiyo bila kelele. Kinachonishangaza ni kile ambacho nguvu hiyo hiyo huyafanyia maji: inaweza kuyapandisha sentimita 3 ndani ya upenyo. Aliyewahi kuezeka nyumba anajua bati la juu lilalie la chini, basi maji yatashuka. Kwenye paji la lori linalokimbia mvuani maji hayashuki, yanapanda. Yanaingia kwa chini ya ukingo, mahali ambapo mtu aliyesimama uwanjani na gari limeegeshwa hawezi kuamini kwamba mvua hufika. Kwa sababu hiyo mzee hulikunja bati la uso wa paji kuelekea chini kwa zaidi ya sentimita 5, likapita sakafu, ndipo analirudisha ndani kidogo ili tone lipate ncha ya kudondokea badala ya kutambaa kwenye tumbo la paji hadi kwenye kiungo.

Jua nalo lina deni lake. Machakos iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, hatua chache kusini ya ikweta, na bati la paa linalolala usiku kwenye nyuzi 15 laweza kufika 60 adhuhuri. Bati la alumini la mita 2 hurefuka karibu milimita 2 kwa tofauti hiyo. Bomba la chuma lililo chini yake hurefuka milimita 1 tu. Milimita iliyobaki lazima iende mahali, kila siku, miaka yote ya gari. Gundi iliyopakwa nyembamba itachanika. Gundi iliyoachiwa upana wa milimita 6 hivi itavutika na kurudi, maana gundi nzuri huvumilia robo ya upana wake. Tena ishike pande mbili tu, bati na bati. Ikishika na chini, inavutwa huku na huku na kupasuka katikati, kwa hiyo mzee huweka kamba laini ya sponji ndani ya upenyo kwanza. Na alumini isigusane na chuma kitupu penye unyevu, kwani itaanza kulika yenyewe; kati yao huwekwa utepe mweusi wa butaili, ule unaonata vidoleni na haukauki kamwe.

Silikoni ya dukani hakuitaka kabisa. Ile yenye harufu ya siki huamsha kutu kwenye chuma, rangi haishiki juu yake, na mahali ilipowahi kukaa hakuna gundi nyingine inayokubali kushika mpaka pakwanguliwe hadi kwenye chuma kitupu. Siku nzima ya kazi ya kijana iliishia hapo, akikwangua silikoni ya wale waliotangulia kwa kipande cha kisu cha msumeno. Kazi ya kuudhi, na bado sijaona ankara yoyote iliyoandika “kukwangua” kama kazi.

Fremu na gundi zikiwa zimekamilika, mzee alifanya jambo ambalo kwa haraka lingeonekana ni la kujipinga. Alitoboa mashimo. Chini ya kila bomba la mlalo, kwenye sehemu yake ya chini kabisa, akaweka tundu dogo la kutolea maji. Maji yataingia tu siku moja, alisema, hata kama ni jasho la watu waliolala ndani na madirisha yamefungwa. Kinachoozesha gari si maji yaliyoingia, ni maji yaliyokosa pa kutokea.

Sidhani alijifunza hilo garini. Mzee huyu analima Iveti, na mtu aliyelima kwenye miteremko ile hawezi kuyaona maji bila kujiuliza yatapita wapi. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiandika Machakos kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kinyume chake: watu waliongezeka mara kadhaa na udongo ukashikwa vizuri zaidi, kwa matuta ya fanya juu yaliyochimbwa kwa jembe na mikono, mengi yakiwa ya vikundi vya wanawake. Tuta halipigani na mvua. Huyapunguzia maji mwendo na kuyaelekeza. Kwa shamba unataka yabaki, kwa paji unataka yaondoke, lakini swali la kwanza ni moja.

Jaribio lilifanywa asubuhi, kabla jua halijapandisha joto la bati. Kijana alifungua mpira wa maji akaanza kumwagia juu ya paa.

“Shuka, mwanangu. Anza chini.”

“Mzee, mvua si hutoka juu?”

“Ukianza juu maji yatateremka kila mahali, kisha likionekana tone ndani utajuaje limeingilia wapi?”

Ikabidi aanze kwenye ukingo wa chini, akae hapo dakika kadhaa, apande kwenye kona, akae, apande kwenye utepe wa kando, akae. Mzee alikuwa ndani amelala chali juu ya sakafu tupu ya paji, tochi mdomoni, akipapasa kila kiungo kwa kiganja. Alipaza sauti mara moja tu. Kona ya kushoto, kwenye mshono wa bati, unyevu usiofika hata tone. Mwenye gari alisema hiyo si kitu, itajikausha. Mzee hakumjibu. Alishuka, akaufungua mshono wote wa kona ile, akausafisha kwa tina, akaurudia.

Kwa magari ya abiria, Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango chake, KS 372, kinachohusu ujenzi wa bodi, na ni vizuri kipo. Lakini gari la kulala la mtu binafsi huishi kwa dhamiri ya aliyelijenga, na dhamiri hiyo hupimwa siku ya mwisho, wakati mwenye gari ameshapiga simu tangu asubuhi akiuliza kama rangi imekauka. Kuziba huja mwisho, na kila kinachokuja mwisho hukatwa muda. Nawalaumu wenye magari kuliko mafundi. Tunalipia tunachokiona, kisha tunashangaa tukipewa hicho tu.

Gari lilipokuwa karibu kukabidhiwa, mwenyewe alikumbuka taa. Alitaka taa ndogo 5 za rangi ya chungwa kwenye uso wa paji, alivyoziona kwenye picha za magari ya Marekani. Si urembo mtupu: kule, gari lenye upana wa inchi 80 au zaidi hutakiwa na sheria kuwa na taa 3 katikati juu na 1 kila upande. Lakini kila taa ni tundu kwenye bati, na kila tundu liko usoni pa upepo. Magari mengi ya kulala ya huko huanza kuoza hapo hapo, nyuma ya taa, na mwenyewe hajui mpaka sakafu ya kitanda ilainike.

Mzee alikataa kutoboa uso. Walibishana kwa heshima kwa muda mrefu, mwenye gari akimwita “mzee wangu” na mzee akimwita “tajiri”, kila mmoja akijua mwenzake hatalegea. Mwishowe mzee alitengeneza mabano madogo chini ya ukingo, mahali bati lilipokwisha kukunjwa, akafunga taa hapo, na waya akaupitisha kando ukishuka kwanza kabla ya kupanda kuingia ndani, ili maji yanayoufuata yadondokee kwenye kipindo chake. Akaiongeza bei ya mabano matano kwenye hesabu. Mwenye gari akailalamikia bei hiyo kuliko alivyoilalamikia ile ya fremu nzima.